Besi Ni Ipi? Kutambua Miguu ya Transista kwa Mita

Vijana wanaojifunza kazi hapa Kibuye, Kisumu, hawakosi kuniuliza: "Fundi, mguu wa katikati wa transista si ndio besi?" Transista ina miguu mitatu: besi, ambayo ndiyo huiendesha, kolekta na emita. Jibu linategemea. Transista ya BC547, ukiitazama upande bapa miguu ikiwa chini, inaanza kushoto na kolekta, kisha besi, kisha emita. 2N3904 ina umbo lile lile ila imegeuzwa: emita, besi, kolekta. Nayo C1815, iliyojaa kwenye redio za Kijapani, kolekta ndiyo iko katikati na besi imekaa kulia. Umbo basi si ushahidi. Uliza mita.

Itoe transista kwenye bodi kwanza, maana rezista za jirani zitakudanganya. Weka mita ya namba kwenye alama ya daiodi, kisha tafuta mguu mmoja unaosoma na ile mingine yote miwili. Huo ndio besi. Ikiwa waya mwekundu ndio uliokaa besi ukapata kama volti 0.6 hadi 0.7 kila upande, una NPN mkononi, moja ya aina mbili za transista. Ikiwa ni mweusi, ni aina ya pili, PNP.

Kazi iko kwenye kolekta na emita. Kwa kawaida besi na emita husoma juu kidogo kuliko besi na kolekta, mathalani 0.668 kwa 0.662. Ishike kwa koleo. Kila digrii moja ya joto hushusha namba hiyo kwa karibu milivolti 2, kwa hiyo vidole vyenye joto vinatosha kuifuta tofauti yote.

Mimi hapo huchukua mita ya mshale. Mita nyingi za aina hiyo zikiwa kwenye omu, waya mweusi ndio unaobeba chanya ya betri, na hapa ndipo wengi hupotea. Kwa NPN, weka mita kwenye kipimo cha x1k, mweusi kwenye mguu unaodhani ni kolekta, mwekundu kwenye ule mwingine, halafu lowesha kidole uguse kolekta na besi kwa pamoja. Mshale ukiruka, umepatia. Ukibadilisha miguu, mshale utajikongoja tu. Usitumie x10k: betri yake ni kubwa, inaweza kupenya kati ya besi na emita ikakuchanganya.

Transista zile nene ni rahisi. TIP41 ukisoma maandishi yake ni besi, kolekta, emita, na bati la mgongoni ni kolekta vilevile. 2N3055 ya amplifaya za matangani, gamba zima la chuma ndilo kolekta, kwa hiyo usiifunge kwenye hitisinki, lile bati la kupoza, bila karatasi ya maika ya kuzuia umeme.

D2499 za televisheni za mgongo zina mambo yake. Besi na emita zitaonyesha makumi machache tu ya omu kana kwamba zimeshoti, kwa sababu ndani mna rezista, na kati ya emita na kolekta mna daiodi. Vijana huzitupa zikiwa nzima. Kabla ya kutupa, pima kolekta na emita pande zote mbili: ikisoma upande mmoja tu, irudishe kwenye bodi.