Sumaku haithibitishi kwamba kitasa hakitashika kutu

Fundi anatoa sumaku mfukoni, anaigusisha kwenye kitasa, hainasi. Mnunuzi anaridhika: hii stenlesi halisi, haitashika kutu. Kipimo hicho hukamata chuma cha kawaida kilichong'arishwa juu juu, lakini hata zinki iliyopakwa kromu hainasi sumaku. Kwa zahanati ya Tanga au shule ya Likoni, kando ya bahari, hakitoshi kabisa.

Stenlesi zinazotumika sana milangoni ni za daraja la 304 na 316, na kwa kawaida zote mbili hazivutwi na sumaku. Tofauti kubwa ni molibdenamu, metali inayochanganywa humo: 316 ina asilimia 2 hadi 3 hivi. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu, nao chumvi ya upepo wa bahari huutoboa. Ndipo unapoona vidoa vya kahawia kwenye mpini, na ukivisugua unakuta vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano. Molibdenamu huchelewesha hayo, haiyazuii milele. Maji ya klorini ya kudekia wodi huleta madhara yale yale, hasa kwenye bawaba ya chini ambayo hakuna anayekumbuka kuisuuza.

Kwa hiyo dai 316 iandikwe kwenye oda, skrubu zikiwemo. Kwenye skrubu ndiko watu hubania pesa, na mlango wa kusukumwa kutwa nzima huanza kulegea hapo. Bara, mbali na bahari, sioni haja ya gharama hiyo. Chukua 304, chenji iongezee bawaba nene.