Gold ya ndege hii, kaunta ya ndege ile

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou kwa Ethiopian, leo kaenda kesho karudi, hatimaye hupanda ngazi katika ShebaMiles, mpango wa shirika hilo wa wasafiri wa mara kwa mara. Akifika Gold anapata begi la ziada, foleni fupi na launji ya kusubiria. Sasa safari hii anataka nguo za Istanbul na amekata tiketi ya Turkish. Gold yake inamfaa?

Inamfaa, na huko ndiko kutambuliwa kwa hadhi: unapanda ngazi kwa shirika moja, unahudumiwa kwa ngazi hiyo na jingine. Ethiopian na Turkish wote wamo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ulioanza mwaka 1997. Muungano una ngazi zake mbili tu, Star Silver na Star Gold, na kila shirika limeoanisha kadi zake na hizo. Kwa hiyo mhudumu wa Turkish hana haja ya kuijua ShebaMiles. Anachotafuta ni Star Gold.

Majina ndiyo yanayowachanganya watu. Turkish hawana kadi iitwayo Gold. Kwao Elite ndiyo Star Gold. Hamia SkyTeam, muungano mwingine, wanakokaa KLM na Kenya Airways, neno hilohilo Elite ni ngazi ya chini isiyo na launji, ya juu ni Elite Plus. Qatar wako oneworld, muungano wa tatu, na Gold yao huko huitwa Sapphire. Rangi ya kadi isikudanganye, angalia jina la ngazi ya muungano.

Star Gold inakupa begi moja zaidi pale wanapohesabu mabegi, au kilo 20 zaidi pale wanapopima uzito. Kwa mtu wa mzigo hilo linashinda launji na juisi zake. Haikupi haki ya kupandishwa daraja. Maili, yaani pointi unazokusanya kwa kusafiri, nazo ni habari nyingine: ukizitumia zote kwa tiketi ya bure, ngazi yako haishuki.

Nje ya muungano mambo hubadilika. Emirates hawamo katika yoyote kati ya hiyo mitatu, wala Air Tanzania, kwa hiyo Star Gold kwenye kaunta zao ni plastiki tu. Na mashirika mawili kukubaliana kuhusu maili hakumaanishi wamekubaliana kuhusu ngazi.

Kadi yenyewe haitambuliwi kwa kuonyeshwa. Kinachosomwa ni namba ya uanachama iliyoingizwa kwenye bukingi, na kila safari hubeba namba moja. Mimi yalinikuta Teminali 3. Wakala alikuwa ameweka namba yangu changa ya shirika nililokuwa napanda, isiyo na ngazi yoyote, akidhani ananisaidia. Mzani ukasoma, dada wa kaunta akanitajia bei ya begi lililozidi. Nikamwomba aifute ile namba, aingize ile yenye ngazi, kabla hajafunga lebo za mizigo. Akabonyeza, akasubiri, akachapa bodingi pasi upya. Safari hii pembeni ya jina langu palikuwa na alama ndogo, *G, yaani Star Gold, na begi likaenda na mkanda bila senti.