Homoni "asilia" za ukomo wa hedhi: uliza nani amezipima

Wanawake wengi wanaofika kliniki za Dar es Salaam siku hizi hawaulizi tena kama homoni zinasaidia. Wanauliza "zile asilia" zinapatikana wapi, zile zinazosifiwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba zinafanana na za mwili, zimetokana na mimea, na hazina madhara. Kati ya sifa hizo tatu, mbili zinaweza kuwa kweli.

Estradioli (aina kuu ya estrojeni) na progesteroni za maabara zinaweza kuwa na umbo lilelile la homoni zinazotolewa na ovari. Malighafi yake mara nyingi ni soya au kiazi kikuu cha Mexico. Ila kutoka kiazini hadi kwenye kidonge kuna hatua za kikemia ambazo mwili wa binadamu hauziwezi. Krimu ya kiazi kikuu haigeuki progesteroni hata ukijipaka kopo zima. Ingekuwa hivyo, futari ingeuzwa famasi.

Jina hilo moja, "asilia", limebeba dawa za aina mbili. Kuna vibandiko na jeli za estradioli, na kapsuli za progesteroni, ambazo zimepimwa na mamlaka za dawa na kipimo chake kinajulikana. Halafu kuna krimu, vidonge vya kumung'unya na vipandikizi vinavyochanganywa famasi kwa ajili ya mteja mmoja mmoja. Hizi za pili, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haiziidhinishi kabla hazijauzwa. Mwaka 2020 jopo la Akademia za Taifa za Sayansi za nchi hiyo lilizichambua, likaona ushahidi wa usalama na ufanisi wake hautoshi. Vipimo vya mate vinavyouzwa pamoja nazo navyo visikutie presha: kiwango cha homoni hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na daktari hupanga dozi zaidi kwa dalili zako.

Wauzaji hupenda kutaja utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002. Wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa miaka 63, walihusika. Waliotumia estrojeni ya mkojo wa farasi pamoja na projestini ya kutengenezwa (dawa inayoiga progesteroni) walipata saratani ya matiti zaidi, kama wagonjwa 8 wa ziada kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. "Zetu si zile," wanasema. Sawa, si zile. Lakini dawa ambayo haijafanyiwa utafiti wa aina hiyo haijathibitika kuwa salama. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijatimiza miaka 10 tangu ikome, na anayeteswa na joto la ghafla, homoni zilizopimwa ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote, na mara nyingi faida yake huzidi hatari. Estradioli ya kibandiko inaonekana kugandisha damu kidogo kuliko ya kumeza. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwa kawaida hapewi.

Linalonitia hofu zaidi ni mji wa mimba. Estrojeni ikitumika peke yake hunenepesha ukuta wake wa ndani, na baada ya muda inaweza kuleta saratani. Ndiyo sababu mwenye mji wa mimba huongezewa progesteroni ya kutosha, na krimu ya progesteroni ya kupaka haiaminiki kwa kazi hiyo. Ukiona damu baada ya hedhi kukoma, hata tone, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Isitoshe, saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo inaweza kujionesha kwa damu kama hiyo.

Na si kila jasho la usiku ni ukomo wa hedhi. Likiambatana na kikohozi, homa au kukonda, pima kifua kikuu kwanza.

Kabla ya kulipa, angalia kama kasha lina jina la dawa, kipimo, mtengenezaji na tarehe ya kuisha, kisha mwulize mfamasia kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Kama umeshaanza kutumia kitu usichokijua, chukua kopo lenyewe umwoneshe daktari. Hatakugombeza, anataka kujua umemeza nini.