Asilimia 100 ya Ulemavu Haimpi Mtu Nyumba

Wiki iliyopita mama mmoja alipanda daladala kutoka Uyole hadi ofisini kwangu Mwanjelwa akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua ya uamuzi wa ulemavu wa mwanawe, aliyelitumikia jeshi la Marekani. Ilichapishwa kwenye duka la steshenari, na namba 100, kiwango cha juu kabisa cha ulemavu, ilizungushiwa kalamu nyekundu. "Mwanangu," aliniambia, "mtoto ana asilimia mia ya ulemavu, na analala kwenye gari. Nyumba yake wamempa nani?"

Kabla ya kurudi Mbeya nilisimamia mashauri ya makazi ya wanajeshi wastaafu huko California kwa miaka saba, na swali hilo nimeulizwa na familia nyingi mno. Hakuna nyumba aliyonyimwa, kwa sababu Marekani haina nyumba inayotolewa kwa kuwa mtu ana ulemavu. Nadhani imani hii inatokana na ruzuku ya kurekebisha au kujenga nyumba kwa wenye ulemavu mkubwa wa aina maalumu, lakini hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kumwokota mtu barabarani.

Msaada unaomhusu mwanajeshi mstaafu asiye na makazi ni mpango uitwao HUD-VASH, ulioanza mwaka 1992 na kupanuliwa sana kuanzia 2008. Wizara ya nyumba ya Marekani hutoa vocha ya kusaidia kulipa kodi ya pango, na idara ya wanajeshi wastaafu hutoa msimamizi wa shauri, yaani mtu wa kumfuatilia na kumsaidia. Katika masharti yake hutaona kiwango cha ulemavu. Kuhusu aina ya kuachishwa jeshini nitasema machache: wengi waliokuwa wakikataliwa zamani sasa hupokelewa, isipokuwa aliyefukuzwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi.

Sharti linaloziumiza familia zetu ni la kukosa makazi, kwa kuwa sisi tuna desturi ya kuhifadhiana. Anayelala kwenye gari au kwenye hifadhi ya dharura anahesabiwa kuwa hana makazi. Anayelala sebuleni kwa binamu kwa kawaida hahesabiwi, isipokuwa aonyeshe kwamba atatolewa ndani ya siku 14 na hana pengine pa kwenda wala uwezo wa kupapata. Nimewahi kumwona ndugu akisema kwa fahari, mbele ya afisa, "Hawezi kukosa pa kulala mimi nikiwa hai," na kauli hiyo ya upendo ikasimamisha shauri zima.

Halafu kuna kipato, na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Mwaka 2024, mwenye asilimia 100 asiye na wategemezi alilipwa fidia ya zaidi ya dola 3,700 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 44,000 kwa mwaka. Fidia hiyo ilihesabiwa kuwa kipato, na katika maeneo mengi kikomo cha kipato cha kupata vocha kilikuwa nusu ya kipato cha kati cha eneo, hivyo mtu aliyeumia zaidi ndiye aliyekuwa na hatari kubwa zaidi ya kuambiwa kwamba ana fedha nyingi kupita kiasi. Agosti 2024 kanuni ilibadilishwa: kikomo kikapandishwa hadi asilimia 80 ya kipato hicho cha kati, na fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi ikaondolewa katika kupima ustahiki. Msomaji asiishie hapo, kwa maana fidia ileile bado huhesabiwa wakati wa kukokotoa kodi ya pango. Mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa, kwa hiyo mwenye dola 3,700 anaweza kutakiwa kulipa zaidi ya dola 1,000 kila mwezi. Kama ni haki fedha ya jeraha ihesabiwe kama mshahara, nimelifikiria kwa miaka na bado nayumba, maana nimeona pia wasio na fidia yoyote wakisubiri vocha hizohizo.

Vocha nayo si paa. Mwenye nayo hupewa angalau siku 120 za kutafuta mwenye nyumba atakayeikubali, na nyumba hiyo lazima ikaguliwe.

Nilimwandikia mama yule nyuma ya bahasha: kijana aanzie hospitali ya wanajeshi wastaafu, kwenye kitengo cha wasio na makazi, kwa sababu huko ndiko rufaa ya kwenda ofisi ya nyumba hutoka, aende na hati ya kuachishwa, DD 214, na aseme waziwazi kwamba analala kwenye gari. Mama aliniuliza kama hilo la gari ni lazima litajwe, kwa kuwa kijana analionea aibu. Nilimjibu kwamba hilo ndilo la kwanza kutajwa.