Gugumaji si mwani

Juzi pale ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, jamaa mmoja alikuwa akichomoa gugumaji lililojisokota kwenye propela ya mashua yake. Akanionyesha. "Mwalimu, hili si ni mwani tu ulionenepa?"

Nilivunja kikonyo kilichovimba, akaona vijumba vya hewa ndani, kama sifongo. Kisha nikamwagia jani maji. Yakabingirika, jani likabaki kavu. Hiyo ni nta: mmea unaishi ziwani na bado umevaa koti la mvua! Ukiambua ngozi ya jani ukaiweka chini ya hadubini, utaona stomata, vitundu vya hewa vyenye midomo miwili. Kuna mizizi, kuna mirija ya kupandisha maji, kuna maua ya zambarau. Huu ni mmea wa nchi kavu uliorudi majini bila kusahau ulikotoka.

Mwani kijani halisi niliupata mtaroni, kando ya barabara. Huu unaitwa Spirogyra, na huteleza vidoleni kama mrenda. Kila uzi ni seli zilizopangana mstari mmoja, na ndani ya kila seli utepe wa kijani umejiviringa kama springi ya kalamu. Hauna mzizi wala jani. Kila seli hujinywea maji yenyewe.

Undugu upo. Wote wana klorofili a na b, rangi za kijani za kunasa mwanga, na wote huweka wanga ndani ya kloroplasti, vile vifuko vya kijani vya seli. Tena Spirogyra iko karibu zaidi na sukuma wiki kuliko na mwani kijani mwingi wa baharini. Mababu wa mimea walitoka kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yapata miaka milioni 470 iliyopita.

Kwangu mimi, mpaka wenyewe uko kwenye malezi. Nyuzi mbili za Spirogyra hulala sambamba, zikaunganishwa na kijirija, na kilichomo kwenye seli moja kikahamia ya pili. Zaigoti, seli ya kwanza inayotokana na muungano huo, hujivika ganda gumu, ikangoja kiangazi kipite. Hakuna anayeilisha. Kwenye mmea, zaigoti hubaki kwa mama, hulishwa, ikawa kiinitete, yaani kitoto cha mmea. Loweka haragwe usiku kucha, lipasue asubuhi: kitoto kile pale, na vijani vyake viwili vimekunjwa.

"Na ule ujiuji wa kijani hapa ufuoni, kama rangi ya ukuta?"

Huo si mwani kijani wala si mmea. Mara nyingi ni bakteria, akina Microcystis, na baadhi yao wana sumu. Nilimwambia asinyweshe ng'ombe hapo.