B4 kwenye FT8: programu haijui unachodhani inakijua

"Mbona inamwonyesha mgeni, na mwaka jana nilishamlogi?" Ni swali la waendesha redio ya ridhaa wanaotumia FT8, modi ya kutumiana jumbe fupi kwa kompyuta, kuhusu B4 ("before"), yaani kituo ulichokwisha kuwasiliana nacho. Likija mara ya kwanza hujibiwa kwa upole. Likija mara ya thelathini, tena kutoka kwa mtu aliyekwisha kusakinisha WSJT-X, programu ya FT8, upya mara mbili akiamini imeharibika, upole unaanza kupungua. Programu haijaharibika. Imeulizwa jambo ambalo haikuwahi kuambiwa.

Dhana: WSJT-X inaijua logi yangu yote

Haiijui. Haisomi tovuti ya QRZ, haisomi LoTW (hifadhi ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano), haisomi programu ya logi ya Log4OM wala daftari jingine lolote unalotunza. Inasoma faili moja tu la maandishi liitwalo wsjtx_log.adi. Rangi zote za alama mpya ya mwito (jina la kituo hewani), nchi mpya na gridi mpya (mraba wa ramani), kwa jumla au kwa bendi, zinatoka humo. QSO, yaani mawasiliano, isiyokuwemo ndani ya faili hilo, kwa programu haikufanyika.

Kinachowachanganya watu ni kwamba logi zao mbili zinaonekana kama moja. Ukibofya OK kwenye dirisha la Log QSO, WSJT-X huandika mstari kwenye faili lake, kisha huitangaza QSO hiyo kwa UDP, njia ya programu kupeana habari, kwa kawaida kupitia poti 2237, ili programu nyingine ziidake. Habari inatoka, hairudi. Ukifuta QSO kwenye logi kuu, humu bado ipo. Ukisahihisha alama ya mwito kule, humu kosa limebaki vilevile. Ukiingiza kule mawasiliano ya miaka mitano kutoka kompyuta ya zamani, humu hakuna hata moja. Na JTDX, programu nyingine ya FT8, ina folda yake na faili lake, kwa hiyo aliyehamia JTDX kutoka WSJT-X anaanza na ukurasa mtupu hata kama kompyuta ni ileile.

Faili lenyewe halijifichi. Fungua menyu ya File, chagua "Open log directory". Kwenye Windows utajikuta ndani ya %LocalAppData%\WSJT-X. Kwenye Linux ni ~/.local/share/WSJT-X. Kulijaza ni kazi ya dakika kumi, ukifuata mpangilio:

1. Kwanza ingiza wsjtx_log.adi iliyopo kwenye logi yako kuu. Wengi huruka hatua hii, kisha QSO ambazo zilikuwa huku tu zinapotea.
2. Funga WSJT-X. Faili la zamani lipe jina jingine, kwa mfano wsjtx_log_zamani.adi. Usilifute.
3. Kutoka logi kuu, toa mawasiliano yote kwa ADIF, muundo wa kawaida wa kubadilishana logi. Hakikisha CALL, BAND, MODE na GRIDSQUARE vimo.
4. Lipe faili jipya jina wsjtx_log.adi, herufi kwa herufi, uliweke kwenye folda ile.
5. Fungua programu, nenda Settings, kichupo cha Colors, bofya "Rescan ADIF Log". Itakuambia imepata rekodi ngapi. Ukiona kumi na tatu wakati una QSO elfu nne, usianze kuita CQ (mwito kwa yeyote). Rudi ukaangalie faili.

Ikishindikana, sababu huwa ni zilezile. Ya kwanza ni jina. Windows huficha kiambishi cha mwisho, kwa hiyo unachokiona kama wsjtx_log.adi kumbe ni wsjtx_log.adi.txt. Au umeacha .adif, na programu inatafuta .adi. Ya pili ni sehemu zilizokosekana: bila BAND, kila mtu atabaki mpya kwenye kila bendi, bila GRIDSQUARE, KI88 ya Nairobi na KI93 ya Dar es Salaam zitaendelea kung'aa kama gridi mpya hata kama umezifanya mara hamsini.

Ya tatu huwapata wale wanaopenda kusahihisha kwa mkono. Kwenye ADIF, tarakimu iliyo ndani ya mabano si pambo. Ni idadi ya herufi zinazofuata. K1JT huandikwa <call:4>K1JT. Kama ulikosea ukaandika <call:3>K1T, kisha ukaongeza ile J bila kubadili 3 kuwa 4, programu itasoma herufi tatu na kuishia K1J. Hiyo ni alama ya mtu mwingine kabisa. Tumia Notepad, si Word, na WSJT-X iwe imefungwa.

Kuna pia FT4, ndugu ya FT8 yenye kasi zaidi. Katika ADIF, FT8 ni modi inayojitegemea, lakini FT4 huandikwa MODE ikiwa MFSK na SUBMODE ikiwa FT4. Logi inayotoa MFSK peke yake bila SUBMODE itakuletea fujo ukiwa umeweka tiki kwenye "Highlight by Mode". Maoni yangu: kama hufukuzii tuzo za modi mojamoja, ondoa tiki hiyo. Inawasumbua wengi kuliko inavyowasaidia.

Dhana: aliyekwisha kuwa B4 hajibiwi

Hii nayo inaudhi, kwa sababu inawaumiza wengine. Kituo kinakuita, skrini inasema B4, unakinyamazia. Lakini jiulize kwa nini anakuita. Kama ni dakika moja tu baada ya wewe kutuma RR73 (nimepokea, kwaheri), hakuipata: kwake QSO haijakamilika, na anarudia R (nimepokea) pamoja na ripoti yake ya mawimbi. Mtumie RR73 tena. Kukiwa na mwingiliano au mawimbi yakififia, huenda ikabidi utume mara tatu. Kama ni siku nyingine kwenye bendi ileile, yawezekana hakukuandika, au logi yake ilipotea. Vipindi vya FT8 ni vya sekunde 15. QSO nzima ni kama dakika moja na nusu. Kumjibu kunagharimu muda mfupi kuliko kumwandikia barua pepe ya kumweleza kwa nini humjibu.

Nje ya mashindano, kurudia si kosa. LoTW haidhuriki na QSO mbili za watu walewale. Tena marudio huweza kuokoa uthibitisho, maana LoTW hulinganisha pande mbili kwa bendi, modi na muda, na saa zikipishana zaidi ya dakika 30 hakuna kinacholingana.

Dhana: ikiacha kung'aa, basi nchi imethibitishwa

Hapana. WSJT-X inahesabu uliofanya nao mawasiliano, si waliokuthibitishia. Burundi, 9U, ikishaingia kwenye faili mara moja haitakupigia kelele tena, hata kama yule wa kwanza hakutuma uthibitisho wowote. Anayetafuta zisizothibitishwa atumie programu ya GridTracker, ambayo huweza kuvuta ripoti ya LoTW na kutofautisha hali hizi mbili. Na ile alama ya mtumiaji wa LoTW inakueleza tabia ya mwenzako ya kupakia logi, haisemi chochote kuhusu wewe na yeye.

Dhana: JTAlert na WSJT-X zikipingana, mojawapo ni mbovu

JTAlert ni programu ya tahadhari inayofanya kazi pamoja na WSJT-X, na kila moja ina kumbukumbu yake. Chagua moja ya kuiamini, nyingine izime rangi.

Dhana: imeandika nchi isiyo sahihi, basi faili la logi limeoza

Nchi hutambuliwa kwa kiambishi cha alama ya mwito kupitia cty.dat, faili la orodha ya viambishi na nchi zake. Orodha ikiwa ya kabla ya Januari 2018 haiijui Kosovo, Z6, iliyoingizwa kwenye DXCC, orodha ya nchi zinazohesabiwa kwenye tuzo, tarehe 21 mwezi huo. Pakua cty.dat mpya, iweke kwenye folda ileile ya logi, uanzishe programu upya.

Dhana: QSO hujiandika yenyewe ikifika RR73

Bila tiki kwenye "Prompt me to log QSO", ndani ya Settings, Reporting, hakuna dirisha linalojitokeza. Ni lazima ubofye Log QSO mwenyewe. Na hata dirisha likijitokeza, ukilifunga bila kubofya OK, hakuna kilichoandikwa. Nusu ya wanaolalamika kwamba B4 haifanyi kazi walilifunga.

Dhana: nikifuta ALL.TXT nitapoteza B4

ALL.TXT ni rundo la kila kilichonaswa na redio yako, na haitumiki kabisa kuamua nani ni B4. Ikifika gigabaiti kadhaa, ifute bila wasiwasi. Ila fungua macho unapofanya hivyo kupitia menyu ya File, kwa sababu humohumo kuna "Erase ALL.TXT" na pia "Erase wsjtx_log.adi". Sijui ni nani aliyeona busara kuviweka jirani. Nakili wsjtx_log.adi kwenye flashi kila mwisho wa mwezi, maana folda ya LocalAppData haimo kwenye Documents, na fundi atakayekuwekea Windows upya hatakumbuka kuiangalia.