Mheshimiwa, Kesi Si Maambukizi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu Kawangware, kichwa nimekiinamisha, mashine inanguruma sikioni na redio iko juu kama kawaida yake. Mwanasiasa mmoja wa upinzani alikuwa akihojiwa kuhusu gharama ya maisha. Katikati ya jibu akachomeka kauli ambayo nimeisikia hadi imenitoka puani: kwamba wakati wa korona serikali ilipika takwimu. Ikitaka mkopo, kesi, yaani idadi ya waliopimwa wakakutwa na virusi, zinapanda. Ikitaka kufungua nchi, zinashuka. Mtangazaji hakumuuliza hata swali moja. Kinyozi akazima mashine, akanitazama kwenye kioo.

"Daktari, si umesikia? Hata mheshimiwa amesema."

Kauli hiyo nimekutana nayo kwenye matatu, kanisani, matangani, na siku moja kwenye kikao cha watu waliosomea fani hii hii yangu. Mimi ni mtu wa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea. Miaka ile kazi yangu ilikuwa kukesha na majedwali ya sampuli za Nairobi. Safari hii naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia maandishi haya.

Kwanza nimpe mheshimiwa haki yake. Anayesema serikali ilikosea wakati wa korona hasemi uongo. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wafike nyumbani kabla ya saa moja jioni. Ugonjwa unaoenea kwa pumzi, na umati umesukumwa pamoja, umeinamishwa, unakohoa. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu iliyotumiwa na polisi ilikiuka katiba. Kuna waliowekwa karantini kwa lazima wakatakiwa kulipia, na asiye na pesa akawa mfungwa wa bili. Kisha ikaja KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua na kusambaza dawa na vifaa vya tiba, na ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu kuhusu ununuzi wa takriban shilingi bilioni 7.8, wakati wauguzi wetu wanaomba barakoa. Hayo yote yana karatasi, yana tarehe, yana majina ya maafisa. Mwanasiasa anayeyaacha hayo na kurukia "walipika takwimu" amelitupa jembe lenye makali, akashika mpini mtupu.

La mkopo nilimalize haraka. Shirika la Fedha Duniani, IMF, liliidhinisha dola milioni 739 kwa Kenya tarehe 6 Mei 2020. Siku hiyo kesi zilizotangazwa nchi nzima tangu mwanzo hazijafika 600. Kama mtu alizipika ili akope, basi alipika chakula kidogo sana kwa wageni wengi. Mkopo ule ulitokana na shimo la uchumi: utalii umesimama, maua hayasafiri, kodi haiingii. Hakuna aliyekuwa akihesabu swabu zetu, vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli puani, ili atoe hundi.

Sasa tufike pale panaponikera.

Kila alasiri Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, au mwenzake alisimama Afya House, makao makuu ya wizara, akasoma: sampuli kadhaa, kesi kadhaa. Vyombo vyetu vya habari vikagawanya namba ya pili kwa ya kwanza, vikapata asilimia, na kwa Kiswahili vikaiita "kiwango cha maambukizi". Jina hilo ndilo lililotuharibia. Lilipotua masikioni mwa watu, lilieleweka kwa namna moja tu: "kiwango cha maambukizi ni asilimia 13" maana yake Wakenya 13 kati ya kila 100 wana korona. Maana yake siyo hiyo. Ile ilikuwa asilimia ya waliopatikana na virusi kati ya waliopimwa siku hizo. Ni maneno marefu, najua, na redio haina muda, lakini ndani ya tofauti hiyo ndimo ilimojificha hadithi nzima ya "kupika".

Fikiria fundi wa mabomba pale Umoja. Wiki hii ameingia nyumba 100, na 80 zinavuja. Je, asilimia 80 ya nyumba za Umoja zinavuja? Hapana, maana huitwa mahali panapovuja. Mwambie wiki ijayo agonge kila mlango wa jengo moja, atapata tatu au nne. Mabomba ya Umoja hayajabadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni milango aliyoigonga.

Kwetu milango ilibadilika kila wiki. Kuna wakati tulikuwa tunapima madereva wa malori kwa wingi, kwa sababu bila cheti cha kutokuwa na korona hukuvuka mpaka wa Malaba, Busia wala Namanga. Hao ni watu wazima wenye nguvu wanaotaka kwenda kazini, wengi hawana dalili yoyote. Pima 1,000, upate 20: asilimia 2. Wiki inayofuata vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimepungua, maabara inaamua kuwapa kipaumbele wagonjwa waliolazwa wanaohema kwa shida. Pima 200, upate 40: asilimia 20. (Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi.) Kesi zimeongezeka maradufu, asilimia imepanda mara kumi, sampuli zimeshuka hadi moja ya tano, na huenda virusi mjini viko vile vile. Mwanasiasa akiyatazama haya kutoka nje anaona mkono wa mtu. Mimi niliyekuwa ndani nilikuwa naona friji tupu na sanduku la vitendanishi lililokwama mahali.

Na kuna suala la siku. Kesi iliyotangazwa Jumatano haikuambukizwa Jumatano. Mtu aliambukizwa, zikapita siku akaugua, zikapita nyingine akapimwa, kisha sampuli ikangoja foleni. Katika maabara moja niliyofanya nayo kazi sampuli zilirundikana siku nyingi kwa kukosa vitendanishi, vilipofika zikapimwa zote kwa mkupuo, na jioni yake taifa likatangaziwa idadi ya kutisha. Asubuhi ya siku hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa wanasiasa wa kuikosoa serikali. Unaweza kukisia mheshimiwa alisema nini siku iliyofuata. Mimi niliyeijaza ile faili ya Excel kwa mikono yangu nilitamani kupiga simu kwenye kipindi chake.

Sasa mtu ataniambia: basi na wimbi la Machi 2021 lilikuwa mchezo huo huo. Tarehe 26 Machi Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, akisema asilimia imetoka 2 mwezi Januari hadi 22. Wapinzani wake, na wakati ule wengi walikuwa ndani ya chama chake mwenyewe kwa sababu ya mapatano ya 2018 kati yake na kiongozi wa upinzani Raila Odinga, walisema ni njama ya kuzima siasa. Asilimia 22 ilikuwa na kasoro zote nilizozieleza. Wimbi lenyewe lilikuwa la kweli. Vitanda vya wagonjwa mahututi Nairobi vilijaa. Oksijeni ikawa inatafutwa kwa simu usiku. Huwezi kujaza wodi kwa kuhariri jedwali. Na sisi tulikuwa tumeonya: mwezi huo huo, tarehe 4, kulikuwa na chaguzi ndogo Matungu na Kabuchai, na kabla yake mikutano ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, na ya waliopinga BBI, pande zote mbili zimesimama juu ya magari bila barakoa. Hapo sikuona tofauti kati ya serikali na upinzani, na inaniuma hadi leo.

Ninachotaka mheshimiwa akijue kuliko vyote ni hiki: kosa la takwimu zile lilikwenda upande ule asioutaka. Zilikuwa ndogo mno. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome walipima kingamwili, alama ambazo maambukizi huacha mwilini, katika damu ya wachangiaji 3,098, iliyotolewa kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020. Baada ya kusahihisha kwa umri, jinsia, kaunti na ubora wa kipimo, walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya nchi ilikuwa tayari imeambukizwa. Nairobi 7.3, Mombasa 8.0. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47 hiyo ni watu zaidi ya milioni, na mwisho wa Julai kesi zilizotangazwa zilikuwa 20,636. Novemba mwaka huo uchunguzi wa nyumba kwa nyumba hapa Nairobi ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wana kingamwili. Theluthi ya Nairobi! Hiyo ndiyo sababu nasema kesi si maambukizi. Kesi ni yule aliyefika mbele ya swabu. Maambukizi ni wale wote waliobaki Mathare, Kayole na Lavington wakidhani wana homa ya baridi.

Sitaficha yanayonisumbua mimi mwenyewe. Wachangiaji damu si sampuli ya nchi. Ni vijana zaidi, ni wazima zaidi, na kingamwili hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo hata makadirio yale yana ukungu. Kuhusu kafyu, bado siwezi kumtazama mtu usoni nikamwambia kwamba kafyu ya saa moja jioni ilipunguza maambukizi. Nilikuwa naamini hivyo Aprili 2020. Nilipoona stendi ya mabasi ya Kencom saa kumi na moja jioni, watu wamebanana kama dagaa kwenye gunia ili wawahi, nilianza kusita, na bado nasita. Uhuru alipoiondoa Oktoba 20, 2021, sikuwa na grafu moja safi ya kuonyesha ilikuwa imefanya nini, kwa sababu kila hatua iliwekwa pamoja na nyingine: shule, baa, makanisa, safari.

Na vifo. Rasmi ni takriban 5,700. Hapo ndipo mheshimiwa angeuliza swali la maana, na sijamsikia akiuliza. Wangapi walifia nyumbani? Kila sampuli ilichukuliwa lini, na kwa sababu gani: safari, dalili, au kugusana na mgonjwa? Safu hizo mbili, tarehe na sababu, hazikuwa zikisomwa Afya House. Zingesomwa, hata kinyozi angeweza kuona kwa nini namba zinaruka. Bunge lina kamati, lina uwezo wa kuita maafisa na kudai jedwali zima. Aliyepewa kura ili aikague serikali asingoje redio.

Haya yote nilimweleza kinyozi, kwa kifupi, shingo imejaa nywele. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba mama yake alifariki Siaya mwezi Juni 2021, wakati kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi zimewekewa vizuizi. Alikohoa kwa siku tisa. Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na kipimo, na hospitali ilikuwa mbali na usiku ulikuwa na kafyu, kwa hiyo walingoja kupambazuke.

"Sasa yeye, Daktari. Yeye yuko kwenye hizo elfu tano?"

Nikamwambia hapana, kaka. Hayumo.

Akawasha mashine, akamalizia upande wa kushoto.